Saa 11 jioni nani anamchukua mtoto?

Muulize mzazi wa Dar kwa nini hampeleki mtoto dei kea, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, atakwambia hela. Muulize anayempeleka, naye atakwambia hela: asipokwenda kazini nyumba haili. Wote wawili wanasema kweli, ila ukikaa nao mkapiga hesabu kwenye karatasi, kinachosumbua zaidi ni saa. Kituo kinauza mwezi. Mzazi anatafuta mtu wa kukaa na mtoto kuanzia anapofunga mlango asubuhi hadi anaposhuka kwenye gari jioni, na saa hizo mara nyingi hazilingani na saa za kituo. Pengo linalobaki lazima mtu alizibe, na huyo mtu naye ana gharama yake.

Chukua ratiba yenyewe. Vituo vingi vya mitaani hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Mfanyakazi wa ofisi ya serikali anayeingia saa 1:30 na kutoka saa 9:30, tena anaishi si mbali, ratiba hiyo inamkaa. Muuza duka wa Kariakoo anayefunga saa 12 jioni halafu agombee gari la Mbagala au Tegeta haimkai hata kidogo. Akifika kituoni ni usiku na mwalimu kashaondoka zamani. Mama wa samaki ndiye yuko mbali zaidi. Soko la Feri huchangamka alfajiri. Anayekaanga samaki mtaani anapaswa kuwa pale mapema, na kituo kinapofungua geti yeye ameshanunua, ameshapara, na ile safari iliyohitaji mtu wa kubaki na mtoto imekwisha. Nesi wa zamu ya usiku hata nisimtaje, maana kituo cha usiku utakitafuta hadi uchoke.

Ndiyo maana unamkuta mama lishe na mtoto mgongoni, moto huku, sufuria kule, na mpita njia anatikisa kichwa. Angeijua ratiba yake asingetikisa.

Halafu kuna namna ya kulipa. Ada ya mwezi imeshonwa kwa kipimo cha mtu wa mshahara. Anayeuza maandazi hela yake inaingia jioni na asubuhi imeshageuka unga, mafuta na mchango wa kikoba. Kumwambia alete ada nzima tarehe 1 ni kumwambia avunje mtaji, na mtaji ukivunjika hata hiyo kazi ya kumpelekea mtoto kituoni haipo tena. Nairobi, kwenye makazi kama Korogocho, walezi wengi wa nyumbani wamelitambua hilo na wanapokea kwa siku: mtoto analetwa na chakula chake na hela yake. Kwa mama ni nafuu kubwa. Kwa mlezi ni mtihani, kwa sababu hajui kesho ataamkia watoto wangapi, hivyo hawezi kuajiri msaidizi wa kudumu. Siku biashara ni nzuri mtaani na watoto wamejaa, yuko peke yake nao. Kwa maoni yangu malipo ya wiki, kila Jumamosi, kwa wiki inayofuata, ndiyo njia ya kati inayowafaa wote wawili, na mwenye kituo anayekataa kuijadili hajui wateja wake.

Korogocho hiyohiyo kulifanyika utafiti uliochapishwa 2019. Baadhi ya kina mama waligawiwa vocha za kulipia kituo, wengine hawakupewa, kisha wakafuatiliwa. Waliopewa walikuwa na uwezekano wa kuwa kazini zaidi ya wenzao kwa pointi za asilimia 8.5. Lakini kilichonivutia ni kina mama wasio na mwenza. Wao walipunguza saa za kufanya kazi na kipato hakikushuka, kwa kuwa walihamia kazi zenye saa za kueleweka. Kabla ya hapo walikuwa wanaokoteza vibarua kwa saa walizoweza kuibia, na vibarua vya namna hiyo huchukua siku nzima na kulipa kidogo.

Hesabu ya meza mbili

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako mahali pake. Mama anauza matunda sokoni kwa faida ya 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Nauli kwenda na kurudi 1,200. Ada ya kituo 60,000. Kituo kinafunga saa 10:30 na yeye anafika saa 1 usiku, kwa hiyo jirani anamchukua mtoto na mama anamlipa 1,000 kwa siku. Chakula na nepi tuviache, mtoto atakula na kuchafua popote alipo.

Mtoto akiugua siku 3 ndani ya mwezi, na kituo hakipokei mgonjwa, mama anafanya kazi siku 23. Faida 230,000. Toa nauli 27,600, jirani 23,000, na ada 60,000 ambayo haishuki hata kama mtoto hakufika. Anabaki na 119,400.

Mama huyohuyo akiweka meza mlangoni kwake, mtoto anacheza pembeni, faida ikashuka hadi 4,500 kwa siku, siku 26 zinampa 117,000. Tofauti ni shilingi 2,400 kwa mwezi mzima. Kwa 2,400 nani amwamshe mtoto saa 11 alfajiri?

Sasa geuza. Kituo kikipunguza ada nusu lakini saa zake zikabaki zilezile, mama anabaki na 149,400. Kituo kikiacha ada palepale ila kikafunga saa 1:30 usiku, na kikawa na chumba cha mtoto mwenye homa ndogo ili mama asikose siku hata moja, anabaki na 168,800. Kuziba pengo kumemletea zaidi ya kupunguziwa bei. Wanaofungua vituo wangeipiga hesabu hii kabla ya kununua bembea.

Usisahau mtoto wa pili. Kituoni ada inakuwa mara mbili, labda na punguzo kidogo. Nyumbani, kwa dada wa kazi, mshahara haubadiliki sana. Familia nyingi huhama kutoka kituo kwenda kwa dada mwaka ule wa uzazi wa pili, na watu husema wamebadili mawazo kuhusu malezi. Wamebadili hesabu tu.

Wiki ya 12

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama wa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio, pamoja na cheti cha daktari. Anaruhusiwa kuanza likizo hadi wiki 4 kabla ya kujifungua, na hapo ndipo wengi hukosea: siku 84 ni wiki 12, ukila 4 kabla, siku ya kurudi kazini mtoto ana wiki 8. Vituo vingi havipokei mtoto wa umri huo. Vingi husubiri afike miaka 2, au angalau awe anatembea. Kenya likizo ni miezi 3, hali ni ileile.

Ushauri wa afya ni maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Kati ya wiki ya 12 na ya 26 kuna wiki 14, na katika wiki hizo 14 ndipo watoto wengi wa mjini wanapoanzishiwa uji kabla ya wakati. Sheria ile ile inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa anayekaa Kimara na kufanya kazi Posta, kukimbia nyumbani katikati ya siku hakuna maana. Omba kwa barua kuzitumia saa hizo mwisho wa siku, uondoke mapema, na ubaki na nakala iliyosainiwa. Ukiacha kwa mdomo, meneja akibadilika na saa zako zinakwenda naye.

Maziwa yenyewe: anza kujifunza kukamua wiki 2 au 3 kabla ya kurudi kazini, maana siku za mwanzo hutoka machache na ukianza Jumapili usiku utalia. Mtoto wa miezi 3 hunywa kati ya mililita 90 na 120 kwa mlo, kwa hiyo ukiwa nje saa 9 au 10 acha mililita 350 hadi 450, ukiyagawa kwenye vyombo vidogo. Vyombo vidogo, kwa sababu yaliyobaki kwenye kikombe baada ya mtoto kunywa hayahifadhiwi zaidi ya saa 2, na maziwa ya mama yakimwagwa yanauma. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 yanakaa saa 4, lakini chumba cha Manzese mwezi Januari kiko juu ya hapo, hivyo usitegemee saa hizo. Kibegi cha kuhifadhia baridi chenye vipande vya barafu kinayatunza hadi saa 24, friji hadi siku 4. Anayemlisha asiyachemshe; aweke chombo ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi. Kikombe kidogo kisicho na mdomo wa kunyonyea ni bora kuliko chupa, kwani chupa ina pembe ambazo brashi haifiki na hapo ndipo kuhara kunapoanzia.

Mlezi akisema mtoto anakataa kikombe, mara nyingi tatizo ni kwamba mama mwenyewe ndiye alijaribu kumpa. Mtoto anasikia harufu ya titi, kikombe cha nini? Ajaribu mtu mwingine, mama akiwa nje ya nyumba.

Kwa baba, sheria hiyo ya Tanzania inatoa siku 3. Zinatosha kununua mchele na kurudi kazini.

Dada wa kazi, na kwa nini bado anashinda

Dada anazungukwa na malalamiko mengi kuliko kituo, na bado ndiye chaguo la kwanza la nyumba nyingi zenye mshahara. Sababu ni zilezile saa. Anayelala ndani yupo saa 11 alfajiri, yupo saa 2 usiku, yupo mtoto akiwa na mafua, yupo Jumamosi. Anapika na kufua. Kituo hakifui.

Bei yake rasmi imekuwa ndogo mno. Amri ya mishahara ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumba za kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Kenya, amri ya 2024 kwa Nairobi na miji mikubwa iliweka 16,113.75 za Kenya kwa mwezi, na inamtaja yaya wazi, kundi moja na mfagizi, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Ukimlipa kima cha chini kisha ukamkabidhi mtoto wa miezi 4, kufua, kupika na kusubiri mlango hadi saa 4 usiku, umenunua kazi ya watu watatu kwa bei isiyotosha mmoja. Ataondoka. Na huondoka wakati uleule kila mwaka: Desemba, anakwenda kusalimia, simu inazimwa. Mara nyingi jirani alishamwahidi 20,000 zaidi tangu Oktoba.

Dawa ya hilo ni ya kawaida. Mshahara ulipwe tarehe moja, mkononi mwake au kwenye simu yake mwenyewe, siyo kwa mjomba au dalali aliyemleta. Awe na siku moja ya kupumzika kwa wiki na iheshimiwe. Likizo ya Desemba ipangwe Septemba, nauli ya kwenda utoe, na kiasi cha bonasi akipate akirudi. Mkataba wa ukurasa mmoja, hata wa kuandika kwa mkono, unasaidia pande zote mbili.

Umri wake ni jambo ambalo watu hulikwepa. Sheria ya Tanzania inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na kwa wa 14 hadi 18 inaruhusu kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kulea kichanga saa 12 kwa siku si kazi nyepesi. Binti wa miaka 15 hajui kutofautisha kulia kwa njaa na kulia kwa homa, na hilo si kosa lake. Yeye mwenyewe bado analelewa. Anapochoka anafanya alichofanyiwa, yaani kofi, au anampa simu mtoto.

Usimwachie mtoto siku unayorudi kazini. Mlete wiki 2 kabla. Wiki ya kwanza anaangalia, wiki ya pili anafanya yeye na wewe unaangalia, na siku mbili za mwisho unatoka kabisa kwa saa 3, kisha saa 6. Ukutani bandika namba tatu za simu kwa maandishi makubwa: yako, ya jirani, ya bodaboda mnayemwamini. Mwoneshe kwa maneno machache mambo matatu yanayoua haraka: ndoo ya maji isiyofunikwa, kwani mtoto anayeanza kutambaa anazama hata kwenye maji ya kina cha kiganja, jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto mchanga alale chali, bila mto.

Bibi

Bibi kutoka kijijini ndiye mlezi anayeitwa wa bure. Hayuko bure. Kuna nauli yake, dawa zake za presha, vocha ya simu, na shamba alilomwachia mtu ambaye atavuna nusu. Akiwa mama mkwe, kuna na utawala wa jikoni. Faida yake kubwa ni kwamba hatamkimbia mjukuu Desemba. Hasara yake ni mwili: mwenye miaka 65 na magoti mabovu anamudu kichanga vizuri, lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekimbilia barabarani anamshinda. Kwa hiyo wanaopanga vizuri humtumia bibi kwenye zile wiki 14 hadi mtoto afikishe mwaka, kisha kituo. Wanaofanya kinyume, kituo kwanza na bibi baadaye, huishia kumpeleka mtoto kijijini akakaa huko hadi darasa la kwanza.

Ukienda kukikagua kituo

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na njia inapitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Omba kuona cheti, usione haya. Cheti hakikuhakikishii mapenzi, ila kinaonesha kuna mtu wa nje amewahi kuingia vyumbani.

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza kwa ahadi, wakuoneshe ukuta uliochorwa sungura. Mara ya pili bila taarifa, saa 7 mchana, wakati wa kula na kulala, maana hapo uchovu wa walezi uko juu na idadi yao iko chini. Wengine wamekwenda kula. Hesabu watoto, hesabu watu wazima walio ndani ya chumba kile. Kwa wasiotembea, jiulize swali moja: moto ukitokea jikoni, huyu dada atatoka na wangapi? Mikono ni miwili. Zaidi ya watoto 3 au 4 wa chini ya mwaka mmoja na nusu kwa mtu mmoja, hata akiwa malaika, kuna anayelia asiyechukuliwa.

Tumia pua kuliko macho. Chumba cha kulala kikinuka mkojo, magodoro hayaanikwi. Kikinuka dawa kali ya kusafishia saa 7 mchana, walijua unakuja. Choo cha shimo kiwe na mfuniko na mlango unaofungwa kwa nje, juu ya kimo cha mtoto. Poti zioshwe wapi, na anayeziosha ndiye anayelisha? Sabuni iko kwenye bomba au kabatini kwa mwalimu mkuu? Jiko lipo ndani ya uzio wa watoto? Geti linafungwa na nani mzazi akitoka?

Chakula ndipo ninapong'ang'ania. Kituo kinachosema kila mtoto aje na uji wake kinarahisisha kazi yake na kumpa mtoto hatari. Uji uliopikwa saa 12 asubuhi ukanywewa saa 7 mchana umekaa saa 7 ndani ya chupa ya chai ambayo haijabaki moto wala haijapoa. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa vuguvugu zaidi ya saa 2. Chupa nzuri, ikisuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka na uji ukiwekwa ukiwa bado unatokota, inafika saa 4 asubuhi salama. Cha mchana kipikwe palepale. Kipimo cha kuuliza: mtoto wa miezi 6 hadi 8 aanzie vijiko vikubwa 2 au 3 na kupanda hadi nusu kikombe cha mililita 250, wa miezi 9 hadi 11 nusu kikombe, wa mwaka na zaidi robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Na uji uwe mzito usiomwagika kwenye kijiko. Ule mwepesi unajaza tumbo maji, na mlezi anaupenda kwa sababu unanyweka haraka.

Kuna jambo watu husema kwa kunong'ona: mtoto kupewa dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale. Nyingi kati ya hizo zina dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi, zinauzwa duka lolote la dawa, na chumba chenye watoto 20 kikinyamaza saa nzima kinamfurahisha kila mtu. Dalili zake ni mtoto ambaye jioni unamchukua mlegevu, hashtuki kwa sauti yako, mdomo mkavu, hanyonyi vizuri, halafu usiku wa manane yuko macho kama popo. Ikitokea siku moja, mfikirie homa. Ikitokea Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, na Jumapili nyumbani hakuna, mtoe. Usianze kwa kugombana, mtoe kwanza.

Magonjwa ya miezi ya mwanzo

Mtoto anayeanza kituo huugua. Kamasi, kikohozi, kuhara, macho mekundu. Kitu alichokaa nacho mwenzake mdomoni sasa kiko mdomoni mwake. Wazazi wengi humtoa mwezi wa pili wakisema kituo ni kichafu. Wakati mwingine ni kichafu kweli, wakati mwingine ni mkusanyiko tu wa watoto ambao miili yao ndiyo inaanza kujifunza. Kabla ya kumpeleka hakikisha kadi ya kliniki imejaa kwa umri wake: chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na ile ya surua na rubella ya miezi 9, kisha ya 18. Kituo kisichouliza kadi kimewapokea na wenzake bila kuuliza.

Akianza kuhara, pakiti moja ya chumvichumvi (ORS) ya kipimo cha lita huchanganywa na lita 1 ya maji safi, na hapo wengi huharibu kwa kukadiria kwa kikombe. Chupa mbili za maji za nusu lita ndiyo lita 1. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 kwa aliyefikisha miezi 6, na miligramu 10 kwa mdogo zaidi. Usiiache siku ya tatu kwa kuwa kinyesi kimeshika. Macho yakizama, akishindwa kunywa au kukiwa na damu kwenye choo, ni zahanati.

Muulize mwenye kituo mapema kanuni yake ya mgonjwa: ni joto kiasi gani anamrudisha, anakupigia saa ngapi, na ada ya siku hizo inakuwaje. Wenye vituo hukwepa hili la mwisho. Sema nao angalau siku zikizidi 5 mfululizo zihamie mwezi ujao.

Shule ya bure, pengo refu zaidi

Wazazi huhesabu siku mtoto atakapofikisha umri wa darasa la awali, kwa sababu shule za serikali hazitozi ada tangu 2016, awali ikiwemo. Siku inafika na hesabu inawageuka. Darasa la awali linaachia kabla ya adhuhuri. Kituo kilikuwa kinakaa naye hadi saa 10:30, shule inamrudisha saa 5 au 6 mchana, na kuna likizo za Juni na Desemba juu yake. Ada imeondoka, pengo limeongezeka kwa saa 5. Hapo ndipo mtoto wa darasa la nne anapogeuzwa mlezi wa mdogo wake, au ufunguo unaning'inizwa shingoni kwa kamba.

Wanaofanikiwa hapa huungana. Kina mama watatu au wanne wa mtaa mmoja, watoto wao shule moja, wanampa mama mmoja anayeshinda nyumbani kazi ya kuwachukua na kuwalisha hadi jioni, kila mmoja akitoa kiasi kwa wiki. Kinachovunja mipango hii ni chakula. Mmoja analeta mchele, mwingine analeta ahadi. Kusanyeni hela tu, siyo vyakula, na anayepika ndiye anunue.

Wazee wamesema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema nani analea kuanzia saa 11 jioni, kwa sababu wakati wao ua ulikuwa umejaa watu.

Ukishampata mtu wa kuziba pengo, peleka jina lake kituoni kwa maandishi, pamoja na picha yake na namba ya simu, na uwe na wa pili wa akiba. Mwalimu asimtoe mtoto kwa mtu aliyepiga simu akisema ametumwa, hata akimjua, hata akiwa shangazi. Siku ambayo gari limekwama Ubungo na mvua inanyesha si siku ya kuanza kumwelezea mwalimu kwa simu kwamba kijana wa fulana ya bluu ni mdogo wako.